Aiptasia: Ukimkwangua Anaongezeka

Anayefuga matumbawe hai katika tangi la maji ya bahari hukutana mapema na Aiptasia, anemoni mdogo wa rangi ya hudhurungi mwenye minyiri myembamba. Huingia akiwa amejificha kwenye jiwe au kipande cha tumbawe. Mfugaji humkwangua kwa kisu, na baada ya muda huwakuta wengi kuliko mwanzo. Kwa nini?

Tuanze na mwili wake. Anemoni hana mifupa wala ubongo. Ni mfuko wenye tundu moja linalopitisha chakula na taka. Kipande kidogo kinachobaki kwenye jiwe huweza kuota mdomo na minyiri kikawa anemoni kamili. Hata asipoguswa, huacha vipande vya wayo wake anapotambaa, navyo humea. Kumkwangua, basi, ni kumzalisha.

Pili, chakula. Ndani ya mwili wake huishi mwani wa seli moja unaotumia mwanga kutengeneza sukari, naye hupata sehemu ya sukari hiyo. Matumbawe mengi hulishwa vivyo hivyo. Ukizima taa ili umnyime chakula, utayaua matumbawe kabla yake.

Tatu, silaha. Minyiri yake ina seli zenye uzi wa sumu unaofyatuka unapoguswa. Akisumbuliwa hutoa pia nyuzi nyeupe kupitia ubavuni, nazo huchoma.

Kwa hiyo adui anayefaa lazima atimize masharti matatu: amle mpaka wayo, astahimili sumu, na asiyageukie matumbawe.

Anayeyatimiza vizuri zaidi ni Berghia, konokono wa bahari asiye na gamba, mwenye urefu wa sentimita 2 hivi. Hula Aiptasia tu. Baadhi ya seli za sumu anazomeza hazifyatuki. Hupitishwa hadi kwenye ncha za vinyweleo vya mgongoni, zikawa ulinzi wake mwenyewe. Kila Berghia ana jinsia zote mbili, hivyo wawili wowote wanaweza kupandana na kutaga mayai. Lakini Aiptasia wakiisha, naye hufa njaa. Ni vyema kumhamishia kwenye tangi jingine lenye anemoni hao.

Kamba wa jamii ya Lysmata wurdemanni, kutoka Atlantiki ya magharibi, naye hula Aiptasia, hasa wadogo. Huyu hula vitu vingi, kwa hiyo akishibishwa chakula cha samaki anaweza kuwapuuza. Usimchanganye na Rhynchocinetes durbanensis, kamba mwekundu mwenye michirizi myeupe, kwani huyo hudonoa matumbawe. Wala usiwaweke Lysmata pamoja na Berghia, maana wanaweza kumla.

Samaki kipepeo Chelmon rostratus ana mdomo mrefu unaofika kwenye nyufa. Hata hivyo, ni mgumu kufugwa, huhitaji tangi kubwa, na wengine hula minyoo na matumbawe laini.

Aiptasia wakiwa wachache, unaweza kuwadunga maji mazito ya chokaa kwa sindano. Wakishaenea, chagua Berghia, mradi tangini hamna samaki au kamba wa kumla. Na kila jiwe jipya likae kwanza kwenye tangi la karantini, kwa sababu Aiptasia mmoja tu anatosha kuanzisha ukoo.