Signal, WhatsApp, Telegram: Nani Anajua Nini Kukuhusu?

Swali: Zote zinatangaza kwamba zinalinda faragha. Nizipimeje?

Jibu: Acha matangazo, uliza hivi: mahakama ikitaka taarifa zangu, kampuni itakuwa na nini cha kutoa? Kisichohifadhiwa hakitolewi wala hakiibiwi.

Swali: Signal ina nini?

Jibu: Kidogo sana. Mwaka 2016 ilipata amri ya mahakama kutoka Virginia, Marekani. Ilitoa mambo mawili tu: akaunti ilifunguliwa lini, na mara ya mwisho iliingia kwenye seva lini. Ujumbe na majina ya marafiki haikuwa nayo.

Swali: Si WhatsApp inatumia mfumo huohuo?

Jibu: Ndiyo. Tangu 2016 ujumbe wake husimbwa kwa mfumo wa Signal, yaani hugeuzwa fumbo ambalo mpokeaji pekee hulifumbua. Lakini bahasha iliyofungwa ina anwani juu yake: kampuni inaweza kujua unawasiliana na nani na saa ngapi. Tena, nakala unayohifadhi Google Drive au iCloud haipati ulinzi huo mpaka uuwashe mwenyewe.

Swali: Na Telegram? Wengi wanaiona ndiyo yenye siri zaidi.

Jibu: Hapo ndipo wengi wanapokosea. Mazungumzo ya kawaida hukaa kwenye seva zake, na funguo anazo mwenye seva. Mazungumzo ya siri ni ya watu wawili tu, nayo lazima uyaanzishe wewe, vikundi havina. Septemba 2024, mwezi mmoja baada ya mwanzilishi wake, Pavel Durov, kukamatwa Ufaransa, kampuni ilitangaza kwamba itatoa nambari za simu na anwani za IP za wavunja sheria ikipewa agizo halali.

Swali: Barua pepe ya Proton Mail je?

Jibu: Haiwezi kusoma barua ulizohifadhi, ila kichwa cha barua hakina ulinzi huo. Mwaka 2021, kwa amri ya Uswisi ilikosajiliwa, ilitoa anwani ya IP ya mwanaharakati wa Ufaransa. Ahadi ya kampuni haivuki sheria ya nchi yake.

Swali: Nianzie wapi?

Jibu: Mambo ya afya, ndoa na kesi yapeleke Signal. Ukibaki WhatsApp, leo hii washa usimbaji wa nakala zako. Nenosiri lake litunze vizuri: likipotea, hata WhatsApp haiwezi kukurudishia.