Mpira wa Wavu: Kazi Ambayo Mtaji Wake ni Mwili

Ndugu msomaji, huenda nawe ni mmoja wa vijana wanaofunga wavu jioni, iwe mjini au kule ufukweni Nungwi, wakacheza mpaka magharibi. Na huenda umeshajiuliza: "Hivi mchezo huu unaweza kuwa kazi?" Unaweza. Lakini mtaji wake ni mwili wako, na mwili ukiharibika huwezi kuununua Darajani. Basi leo tujifunze kwa jirani yetu.

JANET WANJA ALIKUWA NANI?

Janet Wanja alizaliwa Kenya mwaka 1984. Alikuwa seta, yaani yule anayempandishia mwenzake mpira ili aupige kwa nguvu juu ya wavu. Aliichezea klabu ya Kenya Pipeline na timu ya taifa ya wanawake, Malkia Strikers. Mwaka 2004, akiwa na miaka 20 tu, alicheza Olimpiki ya Athens. Kenya haikushinda hata mechi moja kule. Je, alikata tamaa? La! Aliendelea kucheza kwa zaidi ya miaka kumi.

Mwaka 2024 alikwenda tena Olimpiki, safari hii Paris. Malkia Strikers walipopambana na Poland, nchi ambayo wachezaji wake huishi kwa mikataba ya ligi ya kulipwa, walifungwa seti 3 kwa 0. Wanja hakuwa uwanjani. Alikuwa mwalimu wa mazoezi ya viungo wa timu. Miguu ilipopumzika, elimu yake ya mwili ilibaki kuwa kazi.

LINDA MTAJI WAKO

Wavu wa wanawake una urefu wa mita 2.24, wa wanaume mita 2.43. Kuufikia ni kuruka, na kila ukiruka lazima utue. Ndiyo maana wachezaji huumia zaidi kifundo cha mguu, goti, bega na vidole. Fanya hivi:

1. Pasha mwili moto kwa dakika 10 hadi 15 kabla ya kucheza.
2. Tua kwa miguu miwili, magoti yakiwa yamekunjwa kidogo.
3. Kunywa maji kabla ya kiu kukushika, hasa wakati wa kaskazi.
4. Pumzika angalau siku moja kwa wiki. Goti linalouma kila siku linakwambia kitu. Lisikilize.

UKITEGUKA KIFUNDO

Hapa wengi wetu tunakosea. Kijana akiteguka, usiku huohuo nyumbani anakandwa kwa maji ya moto na kuchuliwa kwa nguvu. Nia ni njema, lakini joto na kuchua katika siku mbili tatu za mwanzo huzidisha uvimbe. Acha kucheza, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 10 hadi 20, funga bendeji isiyobana sana, na uinue mguu. Kama huwezi kukanyaga hatua nne, au mfupa wenyewe unauma ukiguswa, nenda hospitali ukapigwe picha. Usicheze kwa kumwonea haya kocha. Mechi moja isikukoseshe miaka kumi.

MCHEZAJI NAYE HUUGUA

Msomaji, mwisho wa Wanja ulihuzunisha wengi. Alipatikana na saratani ya kibofu cha nyongo, akafariki tarehe 27 Desemba 2024, akiwa na miaka 40. Mazoezi hutupunguzia maradhi mengi, lakini si kinga ya kila kitu. Saratani hii mara nyingi hujificha mwanzoni. Baadaye mtu huweza kupata maumivu ya tumbo upande wa kulia juu, macho kuwa ya manjano, au kukonda bila sababu. Dalili hizo pia ni za maradhi mengine, kwa hiyo usijihukumu mwenyewe wala usinyamaze. Nenda kituo cha afya kilicho karibu, au Hospitali ya Mnazi Mmoja.

USIACHE SKULI

Klabu kubwa za Kenya ni za waajiri: Pipeline ni kampuni ya mafuta, Prisons ni magereza, KCB ni benki. Hata hapa Unguja, vikosi kama JKU na KMKM vina timu zao za michezo. Kwa hiyo mchezo unaweza kukufungulia mlango wa ajira, lakini cheti na ujuzi ndivyo vitakavyokuweka ndani siku goti likichoka. Cheza, na usome.

JADILINI KATIKA KIKUNDI CHENU

1. Nani katika timu yenu anacheza na maumivu, na kwa nini hasemi?
2. Mtawaeleza vipi wazee nyumbani kuhusu barafu badala ya maji ya moto?
3. Ukiacha kucheza ukiwa na miaka 30, utafanya kazi gani?