Kusoma na wenzake: ni masomo au soga?

Swali: Binti yangu yuko kidato cha pili hapa Masukulu. Kila jioni huaga anakwenda kujisomea na wenzake. Wanasoma kweli?

Jibu: Mama, usimzuie, uliza wanasomaje. Kundi la wanne linatosha. Kila mmoja ajaribu swali peke yake, kisha mmoja aeleze hatua zake, wenzake wambane: “Mbona jumlisha imegeuka kutoa?” Anayeeleza ndiye hugundua alipokwama. Wakinakili tu daftari la mwenzao, hawajifunzi.

Hapa Rungwe, kufunzana na wenzako si jambo geni. Katika kitabu chake cha 1951, mwanaanthropolojia Monica Wilson alieleza vijiji vya rika vya Wanyakyusa, yaani vijiji vya watu wa umri mmoja, ambako vijana walifunzana adabu na busara kwa mazungumzo.

Akirudi, mwambie akufafanulie swali moja bila daftari.