Mfuko upi kwa 50,000 ya kila mwezi?

Swali: Nina miaka 29, naishi Mbeya. Nataka kuwekeza shilingi 50,000 kila mwezi kwa simu katika mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS. Mifuko ni mingi; nichague upi makato yasinimalize?

Jibu: Kwanza jiulize pesa hiyo utaihitaji lini. Kama ni ya karo ya mwakani, Mfuko wa Ukwasi, ambao pesa yake hutoka haraka, unatosha. Kama ni ya miaka kumi ijayo, mimi ningechukua Umoja, mfuko ulioanza 2005 na unaochanganya hisa na hati fungani. Bei ya kipande, yaani sehemu moja ya mfuko unayonunua, itapanda na kushuka, lakini muda unao.

Usiitawanye 50,000 kwenye mifuko minne. Utakuta mingi imenunua hati fungani zilezile za Serikali.

Makato yasome kwenye waraka wa mfuko kabla hujalipa: ada ya usimamizi ya mwaka na makato ya kuuza vipande. Asilimia moja si ndogo hata kidogo. Tuseme mfuko mmoja unakuachia faida ya asilimia 10 kwa mwaka, mwingine 9. Baada ya miaka kumi tofauti itakuwa zaidi ya shilingi 500,000. Angalia pia gharama ya muamala: ukikatwa 1,000 kwa kila 50,000, asilimia 2 imeondoka kabla hujaanza.

Lipa mara tu mshahara unapoingia, hata mwezi ambao bei imeshuka. Mwezi huo ndipo utapata vipande vingi zaidi.