Mjusi Kafiri Chumbani: Mafunzo Niliyopata kwa Wafuga Mijusi

Mama alinyamaza kwenye simu hata nikadhani mtandao umekatika. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini ya mtu asiyetaka jirani asikie: "Mjusi gani? Mjusi kafiri?"

Nilikuwa nimemwambia kwamba mjukuu wake ameanza chuo kikuu na kuniachia mjusi wake nimtunze. Kwa mtu wa Makorora, Tanga, hiyo si habari ya kupongezana. Sote tulifundishwa madrasa, hata juzuu ya kwanza hatujaimaliza, kwamba mjusi ndiye aliyeupuliza moto wa Nabii Ibrahimu ili uzidi kuwaka, na tangu hapo mtoto wa pwani akiona mjusi ukutani mkono wake unatafuta kandambili. Na mimi niliua wangu, tena wengi. Sasa ilikuwa Septemba 2018, niko Leicester, Uingereza, na mmoja wao anaishi chumbani kwangu ndani ya tangi la kioo, anatumia umeme mwingi kuliko mimi.

Huyu ni yule Waingereza wanayemfananisha na chui: wa manjano, madoa meusi mwili mzima, asili yake Pakistani, Afghanistani na kaskazini-magharibi mwa India. Ana mkia mnene uliotuna kama mkate, nikamwita Boflo. Nilikuwa nalea wazee zamu za usiku, naye huamka magharibi, kwa hiyo saa zetu zilipatana. Waliokuwa hawapatani ni watu. Nilipoanza kuhudhuria kikao cha kila mwezi cha wafuga mijusi na nyoka, katika ukumbi wa nyuma ya kanisa, nilitegemea watu wapole wanaoonyeshana picha. Nikakuta ugomvi kama wa wapangaji wa nyumba moja wanaochangia luku.

1. Uliza ushauri una umri gani

Ugomvi wa kwanza kuushuhudia ulikuwa wa taa. Mzee mmoja, dereva wa lori mstaafu, alikuwa amefuga mijusi tangu miaka ya 1980. Kwake yeye, kumwekea Boflo taa ya miale ya UVB ni kuwatajirisha wenye maduka tu. Mnyama anatoka jua limezama, taa ya jua ya nini? Mnyunyizie wadudu wake unga wa kalsiamu wenye vitamini D3, yaishe. Upande wa pili alikuwepo binti anayesomea uuguzi wa wanyama, na kwake kumnyima mjusi taa ni ukatili. Hawa wawili hawakuwa wakikaa meza moja.

Ilinichukua miezi kutambua kwamba wote walisema kweli, ila kila mmoja kweli ya zama zake. Bila vitamini D, ambayo ngozi huitengeneza kwa miale hiyo au mnyama huipata kwa kula, mwili hauwezi kuichukua kalsiamu iliyomo kwenye chakula. Mifupa hulainika, taya hulegea kama mpira, miguu hupinda. Ni matege yale yale tunayoyajua kwa watoto. Mzee alipoanza kufuga, taa zilikuwa hafifu na mijusi wa watu walikuwa wakifa kwa matege, mpaka unga ule ulipoingia madukani. Alichokuwa akikitetea ni kitu kilichookoa wanyama wake mbele ya macho yake.

Lakini elimu haikukaa kumsubiri. Gary Ferguson na wenzake waliwapima mijusi na nyoka wa Jamaika na kusini mwa Marekani kule kule porini, na mwaka 2010 wakatoa njia ya kuwagawa reptilia katika makundi manne kufuatana na miale wanayoipata kwa siku. Baadaye jamaa zake Boflo wakapangwa kundi la kwanza, la wanaojificha mchana na kutokeza alfajiri na magharibi. Kundi hilo linapata kidogo, lakini si sufuri. Mwaka 2018, mwaka ule ule nilioachiwa Boflo, watafiti wa Marekani walionyesha kwamba saa 2 za miale hafifu kwa siku zinatosha kupandisha vitamini D katika damu ya mijusi wa aina yake.

Nilipolieleza hilo kikaoni, mzee akaniuliza taa yangu niliinunua lini. Nikamwambia aliinunua mwanangu, zamani kidogo. Akacheka mpaka akakohoa. Taa hizi huisha miale huku zinang'aa vile vile. Ukipitisha mwaka unamulika tu. Basi nikanunua taa mpya, hafifu, na unga wenye D3 nikaupunguza, kwa sababu D3 ya kula ikizidi humdhuru mnyama, tofauti na ile inayotengenezwa na ngozi yake mwenyewe. Binti akaniona nimelegea kwa mzee, na mzee akaniona nimenunuliwa na binti.

2. Nyuma ya kila msimamo kuna mzoga

Jambo hili niliambiwa na mtu asiyejua kwamba ananifundisha. Kulikuwa na mama wa makamo ambaye ukitaja neno mchanga tu, uso wake hubadilika. Tangi lenye mchanga kwake ni kaburi lililofunguliwa. Alikuwa akisimama na kumkatiza mtu katikati ya sentensi. Jioni moja, tunaosha vikombe, akanisimulia. Mjusi wake wa kwanza, wa bintiye aliyekuwa na miaka 9, alikuwa akimeza mchanga kila anaporukia mdudu. Ukajaa tumboni, akafa. Mtoto ndiye aliyemkuta.

Baada ya hapo nilianza kuwasikiliza wote kwa sikio jingine. Kijana asiyekubali kabisa mijusi wawili wakae tangi moja alikuta mmoja ameng'olewa mkia na vidole. Bwana aliyekuwa akipigia kelele mawe ya umeme ya kuotea joto alikuwa na mjusi mwenye kovu tumboni la ukubwa wa sarafu. Walikuwa wakiomboleza, kila mmoja kwa namna yake, ila ilisikika kama mabishano.

Na mimi mzoga wangu nusura niupate. Tangi nililoachiwa lilikuwa na mchanga wa kalsiamu, ule wa rangi, ambao duka lilimuuzia mwanangu likamwambia kwamba mjusi akiumeza hana neno, ni kalsiamu. Januari Boflo akaacha kula. Siku 9 hakupata choo. Nikamfungia kwenye kopo la plastiki ndani ya koti langu, nikapanda basi kwenda kwa daktari wa wanyama. Picha ya eksirei ikaonyesha tumbo limejaa weupe. Akapewa maji, akaogeshwa maji ya uvuguvugu, akakaa hospitali siku 2, na siku ya tatu akatoa kitu ambacho sitakieleza kwenye gazeti linalosomwa watu wakila.

Kikao kilichofuata nilipokewa kama shujaa wa vita. Mchanga! Yule mama akanikumbatia. Nami nikakubali, nikalaani mchanga pamoja nao.

Sikuwaambia neno la pili la daktari. Aliniuliza joto la tangi usiku ni nyuzi ngapi. Mjusi hatengenezi joto lake mwenyewe, analiazima. Anahitaji jiwe lenye nyuzi 32 hadi 34 upande mmoja na ubaridi wa 24 hivi upande mwingine, achague mwenyewe. Tumbo lake likiwa baridi chakula hakisagiki, na mchanga ambao angeupitisha siku ya joto unabaki pale pale. Mimi nilikuwa nikiuzima mkeka wake wa joto kila nikienda kazini. Bili ya umeme ya Desemba ilinitisha, nikaona mnyama wa damu baridi baridi haimdhuru. Mchanga ulikuwa wa duka, baridi ilikuwa yangu. Kwa karibu mwaka mzima nilihubiri juu ya mchanga kwa ukali kuliko yeyote ukumbini, na sasa najua kwa nini.

Siku nilipokiri, mzee wa lori ndiye pekee aliyesema kitu. Alisema huko kwao, jamaa zake Boflo hawaishi kwenye majangwa ya mchanga wa kwenye picha. Makazi yao ni mawe na udongo mgumu uliokauka. Nimemwekea vigae, na kona moja udongo ulioshindiliwa. Yule mama mpaka leo akija kwangu haangalii kona ile.

3. Ukarimu wa pwani una madhara yake

Kwetu mgeni akisema ameshiba, hiyo ni ishara ya kumwongezea. Boflo alikuwa akija mbele ya kioo akinitazama, nami roho haikunipa. Nilikuwa nikimlisha kila siku, na juu yake namtunukia funza wa nta, wale weupe wanono ambao kwa mjusi ni kama kashata kwa mtoto: akishazoea, chakula kingine anakitazama kama umemtukana.

Kikaoni kulikuwa na madhehebu mawili. Wa kwanza wanasema kila siku kidogo, kwa sababu mdudu mmoja mmoja ndivyo anavyompata porini. Wa pili wanasema mtu mzima ale mara 2 au 3 kwa wiki, kwa sababu porini kuna siku hapati kitu, na mkia ule ndio ghala lake. Nilipowauliza nani yuko sahihi, binti wa uuguzi akaniuliza Boflo ana uzito gani. Sikujua. Nikampima kwenye mizani ya unga jikoni: gramu 94. Mkia ulikuwa umeishinda shingo kwa unene, na kwapani alikuwa na vifuko vya mafuta kama bibi harusi aliyewekwa ndani miezi mitatu. Nikamshusha taratibu hadi 76. Mabishano ya mara ngapi kwa wiki yakaniishia hapo. Mizani ile iliyamaliza, na tangu hapo ndiyo ninayoiuliza.

Jambo moja madhehebu yote mawili yanakubaliana. Mdudu mwenye njaa ni sahani tupu. Nyenje wa dukani wana fosforasi nyingi mno kuliko kalsiamu, na usipowalisha majani mabichi na karoti siku nzima kabla, kisha ukawapaka unga, unamlisha mjusi wako maganda. Kwa hiyo nikajikuta nafuga chakula cha mfugo. Nilipomwambia Mama kwamba nanunua mende kwa pauni, mende hai, kwenye kopo, alimwita mdogo wangu aje ashuhudie simu.

4. Nyenje walale kwao

Ukibakisha nyenje tangini usiku, njaa ikiwapata wao ndio watakaomtafuna mjusi. Hili halina mabishano. Wahesabu wanaoingia, wahesabu wanaotoka.

5. Katika msafara wa mamba kenge nao wamo

Nilikuwa nimefikia hatua ya kuona kila ugomvi una pande mbili zenye haki. Uvivu huo una raha yake. Ukaniponyoka siku niliposema ukumbini kwamba ningependa kupata mwenzake Boflo, na nimeona tangazo la mjusi wa rangi iitwayo limau yenye baridi, manjano yaliyopauka na macho ya fedha, mzuri mno. Ukumbi ukanyamaza. Mzee na binti wakatazamana, mara ya kwanza katika miaka yote ile.

Rangi hiyo ilitokea kwa mabadiliko ya jeni, na wazalishaji wakaikimbilia kwa bei kubwa. Kisha mijusi hao wakaanza kuota uvimbe mweupe ngozini. Mwaka 2021 watafiti wa Marekani walichapisha chanzo chake, jeni iitwayo SPINT1: chembe zile zile zinazoleta weupe unaopendeza ndizo zinazokua bila breki na kuwa saratani. Huwezi kuchukua uzuri ukaacha ugonjwa. Wapo waliosimamisha uzalishaji wakala hasara. Wapo waliosema uvimbe haumuumizi, na wengi wa hao walikuwa na mayai kwenye kiatamizi.

Mzee alisema kitu kimoja tu: kwenye mchanga na taa tunabishana kuhusu kumtunza, hapa tunabishana kuhusu kumuuza. Binti akatikisa kichwa kukubali. Sikununua.

6. Mtazame machoni

Mama alikuja mwaka 2022, miezi mitatu. Wiki ya kwanza hakuingia chumba kile. Wiki ya pili akasimama mlangoni akiwa ameshika kandambili, tuseme kwa tahadhari. Wiki ya tatu nilimkuta amekaa kwenye kiti changu, miwani puani, pua karibu na kioo.

"Huyu anapepesa macho," akasema.

Ni kweli. Wale wa kwetu darini hawana kope zinazofumba; hulisafisha jicho kwa kulilamba kwa ulimi. Boflo ana kope, akilala anazifumba kama mtu. Mama aliendelea na uchunguzi wake. Hapandi kioo. Nikamweleza kwamba vidole vyake havina vile vigandisho, vina kucha tu. Hanyei ukutani. Namwona anakwenda kona ile ile moja kila siku. Mama akavua miwani, akatoa hukumu yake: yule wa kwenye hadithi ni mwingine, huyu si kafiri.

Nilifurahi kupita kiasi, sikujiuliza uchunguzi ule alikuwa akiufanya saa ngapi. Nilirudi kwenye zamu zangu za usiku. Mama alipoondoka nilimpima Boflo, gramu 89. Nyuma ya pazia la chumba cha wageni nilikuta makopo mawili matupu ya funza wa nta, yameoshwa vizuri na kukaushwa. Mwanangu, aliyekuwa nyumbani likizo, akaapa hajui bibi yake aliyanunua wapi.

Kikaoni sijawaambia.