Kufundisha Maneno ya Kuagana

Mwalimu afundishaye Darasa la Pili huko Mwandoya, mkoani Simiyu, hupokea watoto wengi wazungumzao Kisukuma nyumbani. Kwao salamu zina nyakati zake: asubuhi ni "mwangaluka", na kuanzia mchana ni "mwadila". Basi mwalimu aanzie hapo, awaonyeshe kwamba kuagana nako kuna nyakati na watu wake.

Kwanza, amwagaye mtu mmoja husema "kwaheri". Awaagao wengi, "kwaherini".

Pili, mbele ya mkubwa ruhusa hutangulia kwaheri: "Naomba kwenda, Babu." Adabu hii si yetu peke yetu. Huko Japani, mfanyakazi amwagaye mkubwa wake husema "shitsurei shimasu", yaani huomba radhi kwa kuondoka.

Tatu, usiku huagana kwa "alamsiki", na jibu lake ni "binuru".

Nne, "buriani" ni ya safari ya mbali au ya mauti. Ndani yake mna kusameheana.

Kisha watoto waigize: mmoja awe bibi, mwingine mgeni, kundi liwe wachungaji. Yamkini mtoto atamwambia mwalimu "buriani" saa ya kwenda nyumbani. Darasa lisimcheke. Mwalimu aulize kwa upole, "Je, kesho hatutaonana?" Mtoto atajisahihisha mwenyewe. Achekwaye leo, kesho ataondoka kimya; na lugha isiyosemwa haijifunzwi.