Shahidi Aliyeona na Habari Iliyosikiwa



Vijana wa Bagara wanaorudi likizo kutoka shule za mbali huja na swali, nao huliuliza katika darasa la Kipaimara mbele ya wadogo zao: Mwalimu, ulikuwako Yesu alipofufuka? Kama hukuwako, wajuaje? Wako walimu wanaokasirika, wakamwambia kijana anyamaze, kwa kuwa kuuliza ni kutokuamini. Naye hunyamaza kweli. Na Jumapili ifuatayo haji. Basi mwezi huu na tujifunze jinsi impasavyo mtu kuupima ushuhuda wa jambo asiloliona kwa macho yake.

Tuanze na mlima. Sisi tukaao chini ya Kwaraa hatuuoni Kilimanjaro tukiwa nyumbani, walakini hakuna mtu wa Babati asiyesadiki ya kuwa juu yake iko theluji. Zamani haikuwa hivyo. Tarehe 11 Mei 1848 Johannes Rebmann, Mlutheri wa nchi ya Württemberg aliyetumwa na chama cha misioni cha Kiingereza, C.M.S., akakaa Rabai, alikuwa njiani kwenda Uchaga pamoja na Bwana Kheri, kiongozi wa msafara. Asubuhi akaona kitu cheupe sana juu ya mlima, akadhani ni wingu. Alipomwuliza mtu aliyemwonyesha njia, alijibiwa kwamba ni baridi tu. Jina la theluji yule mtu hakuwa nalo. Lakini Rebmann alizaliwa katika nchi ya theluji, akaitambua mara moja. Baadaye aliambiwa pia ya kuwa watu walidhani kile cheupe ni fedha, nacho kilipoletwa chini kikawa maji.

Habari hiyo ikapigwa chapa huko Ulaya mwaka 1849. Katika mji wa London alikuwako bwana mwenye elimu, William Desborough Cooley, aliyeandika mengi juu ya Afrika pasipo kuikanyaga. Huyu akakana. Theluji, alisema, haiwezi kukaa karibu na ikweta. Mmisionari ameona mawazo yake mwenyewe. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1852 aliushikilia ubishi wake. Nanyi angalieni: milima yenye theluji ya nchi ya Ekuador, iliyo kwenye ikweta yenyewe, ilikwisha kujulikana kwa wataalamu siku nyingi. Kwa hiyo elimu haikumzuia Cooley kusadiki. Kilichomzuia ni kukata neno kwanza kuhusu lipi lawezekana, ndipo amsikilize shahidi. Mwaka 1861 na tena mwaka 1862 akaja Karl Klaus von der Decken. Na katika safari ya pili, yeye na mwenzake Otto Kersten walipanda hata kupita meta 4,000, theluji ikawaangukia. Cooley asikubali hata hapo!

Najua wahubiri watakaopenda kuishia hapa, wawaambie vijana: Mwaona? Wenye shaka wote ni akina Cooley. Lakini habari ya Rebmann inayo sehemu ya pili, nayo yatufaa zaidi. Mwaka 1856 ilitolewa ramani ya bara iliyotengenezwa na yeye na mwenzake Jakob Erhardt, na katikati yake ilikuwamo bahari moja kubwa mno, umbo lake kama konokono asiye na nyumba. Bahari hiyo hawakuiona. Walikusanya maneno ya wafanya biashara wa misafara waliofika pwani. Wale hawakusema uongo. Kila mmoja alilijua ziwa lake. Wenye kusikiliza ndio waliounganisha, na maziwa matatu, Nyanza na Tanganyika na Nyasa, yakawa moja. Mwaka 1858 Burton na Speke wakafika Tanganyika, kisha Speke peke yake akaiona Nyanza, na ile ramani ikaanguka. Ni mtu yule yule, na unyofu wake ni ule ule. Alichokiona kwa macho kilisimama. Alichokipokea kwa kusikia kilikuwa kimechanganyika.

Kwa kipimo hicho hicho na tumwendee Paulo. Katika sura ya 15 ya waraka wa kwanza kwa Wakorintho ataja waliomwona Bwana baada ya kufufuka: Kefa, na wale Thenashara, na ndugu zaidi ya mia tano, na Yakobo, na mitume wote, mwisho yeye mwenyewe. Je, ni habari ya kusikia? Kwa sehemu, ndiyo. Lakini aliisikia kwa nani? Waraka kwa Wagalatia, sura ya kwanza, waeleza ya kuwa alikwenda Yerusalemu, akakaa na Kefa siku 15, akaonana na Yakobo ndugu wa Bwana. Kati yake na walioona hapakuwa na msafara mrefu wa wapokezi.

Tena tazameni miaka. Waraka ule uliandikwa yapata mwaka 55, na Bwana alisulibiwa karibu na mwaka 30. Muda huo wakaribia ule uliopita tangu Mwalimu Nyerere kufariki huko London tarehe 14 Oktoba 1999. Mtu akiandika leo kwamba Mwalimu alifia Butiama, wazee wa Babati watamkanya bila kufungua kitabu. Paulo naye asema ya kuwa wengi katika wale mia tano wangali hai, maana yake waweza kuulizwa.

Kijana mwerevu atajibu: Wingi wa watu si kitu. Naye ana haki. Mwezi wa Juni 1988, huko Nairobi, mtu mmoja alionyeshwa mbele ya umati katika mkutano wa maombi kuwa ndiye Yesu, na picha yake ikatolewa gazetini. Watu walimwona kweli, walimwona mtu. Lakini katika umati ule, nani alikuwa ameujua uso wa Yesu tangu zamani? Kefa alikula naye na kusafiri naye. Yakobo alikuwa ndugu yake, na Injili ya Yohana haifichi ya kuwa nduguze hawakumwamini hapo kwanza. Kwa hiyo shahidi hahesabiwi tu. Huulizwa pia alimjuaje yule anayemshuhudia.

Yatupasa kukiri mpaka wa mfano wetu. Von der Decken aliweza kupanda mlima. Asubuhi ya Pasaka haina njia ya kupandwa. Jiwe lililochimbuliwa Kaisaria mwaka 1961, lenye jina la Pilato, laonyesha ya kuwa liwali huyo alikuwako. Juu ya kaburi tupu halisemi neno. Mwenye kuupima ushuhuda vizuri aweza kufika mahali pa kusema, Watu hawa walisadiki kweli waliyoyanena, wala sioni sababu nyingine iliyo bora. Kutoka hapo hata kusema, Bwana wangu na Mungu wangu, akili haimvushi mtu. Katekisimu yetu Ndogo yafundisha katika sehemu ya tatu ya Imani ya kuwa hiyo ni kazi ya Roho Mtakatifu. Mwalimu asione haya kumwambia kijana hivyo waziwazi.

Ila aone haya kutegemeza Injili kwa miti mibovu. Habari za safina ya Nuhu kupatikana, zinazopitishwa kwa simu mwaka hata mwaka, aziache. Maneno ya Yosefo, mwandishi wa Kiyahudi, juu ya Kristo ayatumie kwa uangalifu, kwa kuwa wataalamu walio wengi wanaona ya kuwa mahali pale mkono wa Mkristo umeongeza kitu. Kijana akiigundua tegemeo moja ya uongo, hatangoja kuonyeshwa zilizo za kweli.

Kwa darasa lijalo someni Luka 1:1-4, Wagalatia 1:18-19 na 1 Wakorintho 15:1-11. Kila mwanafunzi aandike majina ya mashahidi, na kando ya kila jina aandike: aliona mwenyewe, au alisikia, na kama alisikia, kwa nani.